Mtu Aliyetoka Majini Baada ya Mazishi ya Diwani

Nyinyi vijana mnaokuja hapa na kamera zinazotosha kiganjani, mnakaa kwenye benchi langu na kuniuliza, "Mama, ni kweli wewe ndiye ulianzisha video Kisumu hii?" Ni kweli. Kama kuna mwingine, ajitokeze tuangaliane. Mnaniuliza pia kwa nini niliacha, na najua wengine wenu mmeambiwa nilichoka, au niliokoka nikaona video ni mambo ya dunia. Waliowaambia hivyo wana sababu zao. Mimi nitawaeleza yaliyotokea na nitataja watu kwa majina, kwa sababu wenyewe wako, wanakula samaki, wanalala vizuri.

Shule nilitoka darasa la nne, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Nilizaliwa Kisian, pale barabara ya Busia, na katika kazi hakuna aliyeniita kwa jina la kanisani. Niliitwa Nyar Kisian, binti wa Kisian, hata na watu ambao hawakujua Kisian iko upande gani.

Nianze na mazishi, maana ndiyo yaliyonifundisha kazi. Harusi ni rahisi. Bibi harusi anataka aonekane mzuri, basi, ukishamfanya mzuri umemaliza. Lakini mazishi ya kwetu yana watu kama mchanga na kila mmoja ana jambo lake na kamera. Shemeji aliyeleta ng'ombe anataka ng'ombe aonekane, na yeye mwenyewe ameshika kamba. Mke wa pili anataka aonekane karibu na jeneza kuliko wa kwanza. Halafu mwaka ukipita, wakianza kugombania shamba, kaseti yako ndiyo inaitwa kwa chifu ionyeshe nani alisema nini mbele ya maiti. Ndiyo maana niliwaambia wote waliofanya kazi nami: mzee akianza kuongea habari ya mpaka wa shamba, usizime, hata kama betri inakufa. Kama lazima uzime, zima kwaya. Kwaya itaimba tena.

Na mengine ya kazi, mkitaka kuyajua. Usiweke kaseti mbele ya gari juani, inajikunja kama chapati. Usiiweke chini ya kitanda karibu na ziwa, itaota ukungu mweupe na picha itakuwa kama mtu anaonekana ndani ya uji. Wale wadudu wa ziwa wakija kama moshi jioni, funika mashine kabla hujafunika sufuria, kwa sababu wanapenda taa na wanaingia kwenye mdomo wake. Niliwahi kutoa mdudu ndani ya deki akiwa amezungushwa kwenye utepe vizuri kama mtu aliyevishwa sanda.

Hayo ya deki nilifundishwa na Bwana Jayanti. Alikuwa na duka la redio na televisheni mjini, na mimi aliniajiri kufagia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona na mashine ya video, kabla hata matajiri wa Milimani hawajazizoea. Siku moja fundi wake hakuja, wateja wamejaa, mashine inaonyesha picha yenye mistari. Akaniita. Akanipa kipande cha ngozi laini na spiriti, akaniambia nikiguse kile kichwa cha ndani kama ninavyogusa jicho la mtoto. "Upande upande tu," akasema. "Ukipeleka juu na chini, umevunja, na mimi nakuvunja wewe." Nilipeleka upande upande. Picha ikatoka safi. Toka siku hiyo ufagio ukapewa mtu mwingine. Alikuwa mkali, hakujua kusema asante, lakini alipofunga duka kuhama na familia yake aliniachia kamera moja nzito na deki mbili kwa bei ambayo hangempa mtu mwingine, na hata hiyo nikalipa pole pole.

Nikaanza na kibanda Nyalenda, televisheni moja na mikeka, watu wanakuja kutazama sinema za mateke. Halafu mazishi, halafu harusi, halafu mazishi tena.

Sasa ndipo anaingia Wycliffe Ogutu. Liandikeni hilo jina. Wycliffe alimaliza kidato cha nne, alivaa tai hata jua likiwa linachoma, na alikuwa na mdomo. Mimi nilikuwa na mkono, yeye mdomo, tukaona tushirikiane. Alikuwa na chumba mjini chenye mlango wa chuma na kabati inayofungwa. Wateja wakubwa walipenda kuongea na mwanamume mwenye tai. Mimi nikafika na kamera begani wananiuliza, "Mama, mpiga picha mwenyewe anakuja saa ngapi?" Ilikuwa inanichoma, lakini kazi ilikuja.

Filamu lilikuwa wazo langu. Wycliffe akiwaambia ni lake, mwulizeni yago ni nini, mwone kama atajibu bila kutazama kando. Kwetu mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, hatumwachi hivyo hivyo. Tunachukua lile tunda refu zito la mti wa yago, tunalilaza kaburini badala yake, tunalia, tunamaliza. Nilirekodi mazishi kama hayo mara nyingi. Kila nikiwa nimesimama pale na kamera nilikuwa najiuliza: je, akirudi?

Basi hiyo ndiyo ilikuwa filamu. Fundi wa kujenga anavuka kwenda visiwani kutafuta kazi, mtumbwi unapatikana umepinduka, yeye hayupo. Wanazika yago. Mke anahamishwa, nyumba inaanguka. Halafu mwisho kabisa fundi anarudi, anatoka majini kwa miguu, anaingia bomani kwake na kukuta kaburi lake mwenyewe. Niliipa jina Kaburi la Yago.

Wa kuigiza fundi nilimpata ufukweni Dunga. Aliitwa Okeyo, alikuwa anabeba samaki kutoka kwenye mitumbwi. Hakuwa mzuri wa sura, lakini alikuwa na uso ambao ukiuwekea kamera hutaki kuiondoa. Nikamwambia afanye kama mtu aliyekufa akarudi. Akasema, "Nyar Kisian, mimi asubuhi zote natoka majini nimebeba mzigo wa mtu mwingine. Hiyo najua."

Kaburi ndilo lilitutesa. Tulikubaliana na mzee mmoja karibu na Pap Onditi atupe boma lake, mzee mzuri, alitukaribisha na uji. Alipoona majembe akaniita kando.

"Nyar Kisian, kaburi ikichimbwa kwa hii boma lazima ipate mtu. Ni nani unaniletea?"

Nikamwambia ni sinema tu, Baba.

"Nimesikia. Na huyo mtu wa sinema, akikataa kuingia, nani ataingia badala yake? Mimi?"

Tukarudi na majembe yetu. Tulienda kuchimba Kisian, kwenye shamba lililoachwa hadi likawa kichaka. Kina mama niliowaita walie kwenye jeneza walilia kweli. Nikasema imetosha, hawakusikia. Mmoja alikuwa anamlilia dada yake, mwingine mtoto. Ikabidi tuketi kwenye nyasi tungoje kila mmoja amalize wake, Okeyo akiwa amekaa kando anakula muwa, marehemu mwenyewe.

Kuunganisha picha tulifanya na zile deki mbili za Jayanti. Hapakuwa na kompyuta. Moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole kimoja hapa, kingine pale, unabonyeza zote pamoja na unaomba Mungu. Ukikosea unarudi mwanzo wa kipande. Na kila ukitoa kopi, rangi inapungua. Kopi ya kopi, nyuso zinakuwa kama zimepakwa matope. Ndiyo maana ile ya kwanza, iliyounganishwa kwa mkono, tuliiita kaseti mama. Kopi zote zinatoka kwake. Zile kaseti tulizopigia picha ufukweni na makaburini tulizirudia kwenye harusi za watu, tukarekodi juu yake, kama kila mtu wa kazi hii alivyofanya, maana kaseti mpya ilikuwa kitu cha kubembeleza. Na kopi sikutoa hata moja kabla ya siku ya kuonyesha, kwa sababu ukitoa moja Kisumu leo, kesho kutwa inachezwa Busia na wewe hujui.

Kwa hivyo filamu yangu yote, miaka yangu yote, ilikuwa kwenye kaseti moja. Nyumba yangu ilikuwa inavuja. Nikaipeleka kwenye kabati ya Wycliffe. Nilivunja mwenyewe kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti. Nyinyi hamkukijua. Kikishavunjwa, mashine inakataa kurekodi juu yake. Ni kama kufunga mlango.

Baada ya muda nikamwuliza Wycliffe tuionyeshe lini, maana mwenye ukumbi wa sinema mjini alikuwa ameshakubali. Akaniambia ameituma Nairobi, kuna watu wakubwa wanaitazama, tusiwe na haraka ya watu wa kijijini. Alisema hivyo hivyo. Nikangoja.

Okeyo alikuwa anapita kwangu kila akitoka ufukweni, ananuka samaki, ananiuliza, "Nyar Kisian, nimefika Nairobi?"

"Bado uko njiani."

"Basi waambie wanipe kiti cha dirisha."

Hakuwahi kujiona. Alijiona mara moja tu kwenye lile tundu la kamera, mdogo kama ukucha, tena bila rangi. Wakati wa mvua kubwa malaria ilimkamata na akaenda. Nilikwenda kumzika bila kamera.

Sasa sikilizeni. Kabla ya hapo, mwaka mmoja nyuma, alikuwa amekufa Diwani Owaka, kule Nyakach. Mazishi makubwa sana. Mimi nilikuwa nimelazwa na mgongo, Wycliffe alikwenda peke yake. Mwaka ulipoisha familia ikafanya kumbukumbu, wakatuita sote wawili kurekodi. Na kabla ya chakula wakataka watazame mazishi yenyewe, kaseti ile Wycliffe aliyowapa.

Sebule ilijaa. Pazia zimefungwa, jenereta inanguruma nje, televisheni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mama Dorsila, mjane, alikaa mbele kabisa. Kando yake Mzee Ombewa, ndugu wa marehemu, na fimbo yake. Watu walilia mahali pa kulia, na ng'ombe wa shemeji alipopita shemeji akakohoa ili tumkumbuke. Ilikuwa ndefu, karibu ijaze kaseti. Mwisho udongo ukaingia, kasisi akaomba, kaburi likabaki kichuguu cha udongo mpya na maua.

Picha ikaruka. Mistari. Halafu maji.

Mimi ndiye niliyeyajua hayo maji kwanza. Ni pale Kisian, penye mafunjo. Halafu Okeyo akatoka. Shati limemganda, maji yanamtiririka, anatembea kama mtu asiyejua kama miguu ni yake. Akatembea, akapita ua, akafika kwenye kaburi, na kaburi nalo lilikuwa kichuguu cha udongo mpya na maua. Mimi ndiye niliyeweka yale maua. Akalitazama. Halafu akacheka, kama nilivyomwambia, kicheko cha mtu aliyeshindwa kulia.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Anatembea kama Diwani." Hapo ndipo watu walikimbia. Meza ikaanguka, mtu akakanyaga mtu, na kile kicheko bado kinaendelea mpaka nilipofika kwenye deki na kubonyeza.

Nje, uwanjani, Mama Dorsila hakupiga kelele. Aliuliza pole pole. "Wycliffe, mwanangu, ni nini hii umeniletea kwa nyumba?"

Wycliffe akatazama viatu vyake. "Mama, mimi sijui. Mambo ya sinema ni ya Nyar Kisian."

Niliitoa kaseti. Mgongoni, pale nilipovunja plastiki, palikuwa pamebandikwa kipande cha selotepu. Ukiziba lile tundu kwa selotepu, mashine inadanganyika, inakubali kurekodi. Na chini ya karatasi iliyoandikwa Marehemu Diwani palikuwa panachungulia herufi zangu mbaya za darasa la nne. Kumbe Nairobi ilikuwa Nyakach. Kumbe ilikuwa hapa mwaka mzima, wanaipangusa vumbi. Siku ya mazishi alikosa kaseti, akafungua kabati, akachukua iliyokuwa karibu, akarekodi juu ya filamu yangu mpaka ukabaki mwisho tu. Hata hakuwa na chuki nami. Hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo, kwamba haikuwa chuki. Alihitaji kaseti.

Nikawaeleza wazee. Nikasema ni mchezo, ni filamu, yule ni mwigizaji tu.

Mzee Ombewa akanisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mjinga. Akasema, "Sawa. Tunaelewa mchezo. Huyo mtu mlete hapa tumshike mkono, tuone ni mtu, tumalize."

"Siwezi, Baba."

"Kwa nini? Yuko mbali?"

"Alikufa."

Mzee akahamisha fimbo mkono mwingine.

"Kwa hivyo ni kweli amekufa. Na bado anatembea kwa kaburi ya ndugu yangu, anacheka."

Ningejibu nini? Nyinyi mlioenda shule mngejibu nini? Nilifungua mdomo na kila neno lililokuja lilikuwa linamsaidia yeye.

Wakaamua ichomwe. Mama Dorsila akakataa, akasimama, akasema mazishi ya bwanake yamo humo na hana mengine. "Mtoeni huyo mtu. Bwanangu mniachie." Wakaongea kwa muda, na hukumu ikawa kwamba kilichobaki baada ya kaburi kifutwe, pale pale, watu wakiona.

Nikawaomba. Nilipiga magoti, na sijutii. Nikasema nipeni niende nayo mjini, nitoe kopi ya kile kipande, nirudi nifute, nitaapa kwa mnachotaka. Mzee Ombewa hakunikaripia. Alisema tu, "Hiyo kitu haitoki kwa hii boma ikiwa na mtu ndani."

Ilibaki njia moja. Kamera ya siku ile ilikuwa begani mwa Wycliffe, na ndani yake kaseti mpya. Ningesimama mbele ya televisheni nirekodi kioo chenyewe. Ingetoka vibaya, lakini ingetoka. Nikamwita pembeni, nikamwambia nipe hiyo kamera, kipande kifupi tu, wataelewa, mimi nitaongea na Mama.

Akanivuta mkono, akanong'ona. "Nyar Kisian, wacha hiyo mambo. Hii kaseti ni ya kazi ya leo. Unataka kuniharibia wateja?"

Huyo ndiye Wycliffe Ogutu. Leo ana studio yenye mlango wa kioo, na nyinyi mnakwenda kwake kuomba kazi, na anawaambia alifundishwa na mama mmoja mzee aliyechanganyikiwa.

Wazee wakauliza nani anajua kufuta. Wycliffe akanyoosha mkono kuchukua kaseti. Nikamwambia asiguse. Alikuwa na vidole vizito, angekula sala ya kasisi, na yule mjane alikuwa amepoteza vya kutosha. Nikaingia ndani mwenyewe. Nikasogeza mpaka kwenye kaburi, mpaka sala ikaisha, mpaka maua. Nikasimamisha. Wazee wamesimama mlangoni, hawataki kuingia. Nikaweka vidole viwili kwenye vitufe vya kurekodi, kama nilivyokuwa naviweka nilipokuwa naunganisha, nikabonyeza vyote pamoja.

Ukirekodi juu ya picha huoni unachofuta. Unaona kipya tu, na kipya kilikuwa chengachenga, kwa sababu hatukuwa tumeunganisha antena. Lakini mimi ile filamu niliiunganisha kwa vidole, naijua kwa pumzi. Nikasimama mbele ya zile chenga na kumfuata. Sasa anatoka kwenye mafunjo. Sasa anasukuma nywele usoni, ile hakuambiwa, alifanya mwenyewe. Sasa ua. Sasa kaburi. Hapa alicheka. Baada ya kucheka, ile ambayo watu wa Diwani hawakufika kuiona, alikaa chini kando ya kaburi na kuanza kung'oa majani yaliyokuwa yameota pembeni, pole pole, kama mtu aliyerudi nyumbani na kukuta kazi inamngoja. Niliiacha picha hiyo ndefu, mpaka giza likaingia na humwoni, unasikia majani tu. Wycliffe alikuwa amesema ni ndefu mno.

Mashine ikalia, utepe ukaisha.

Mama Dorsila akauliza kutoka mlangoni, "Imekwisha?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, imekwisha, na nikampa bwanake.